Kiingilio elfu mbili, wapiga vyombo wakageuzwa mapambo! Nataka pesa zangu

Ndugu zangu wa Mombasa, nina hasira, na naandika nikiwa nazo hivyo hivyo.

Jumamosi iliyopita nilikwenda shoo upande wa Nyali. Bango lilizunguka kwenye simu zetu karibu mwezi mzima: usiku wa Amy Winehouse, yule mwimbaji wa Uingereza, albamu yake ya Back to Black yote, nyimbo 11, bendi kamili na wapulizaji. Kiingilio shilingi 2,000. Ukumbi siutaji wala promota simtaji, wenyewe wanajijua.

Mimi ni fundi cherehani Majengo. Hiyo elfu mbili ni zipu na mipindo ya siku mbili nzima. Nikamlipia na mdogo wangu, ikawa 4,000, tuktuk mbali. Nililipa mapema kwa M-Pesa kwa sababu nilikuwa na hamu. Albamu hii kaka yangu aliniletea CD yake mwaka 2007, enzi hizo akiwa baharia, na imenishonesha nguo za sikukuu miaka nenda miaka rudi. Naijua mpaka pale anapovuta pumzi.

Na ndiyo maana nimeumia. Albamu yake ya kwanza, Frank ya 2003, ilikuwa nzuri, yenye jazi jazi. Ya pili ikatoka Oktoba 2006 na mtu akawa mwingine kabisa. Watayarishaji wawili waligawana kazi, Mark Ronson nyimbo 6 na Salaam Remi 5. Zile za Ronson nyingi wamepiga Dap-Kings, bendi ya mwimbaji Sharon Jones, kwenye studio yao ndogo kule Brooklyn. Walipiga pamoja chumba kimoja, wakarekodi kwenye mkanda, sauti ya chombo hiki ikivujia maiki ya chombo kile. Ule uzito mnaousikia, ile ngoma inayogonga kama mtu yuko mlango wa pili, ni mikono na mapafu ya watu. Ukiondoa hivyo, umebakisha nini cha kuniuzia?

Sasa nisikilizeni. Shoo ya saa mbili usiku ilianza saa tano kasoro. Jukwaani walipanda watu saba, wamevaa suti, vyombo vinang'aa. Nikafurahi. Wimbo wa kwanza ukaanza, mpulizaji saksafoni yuko upande wangu, kama hatua nne hivi. Vidole vinakwenda. Lakini mashavu hayajai. Mbele ya saksafoni hakuna maiki. Nikatazama waya wa gita la besi, umeviringishwa chini, haukuchomekwa popote. Nyuma ya mpiga ngoma kijana amekaa na laptopu.

Wimbo wa pili rekodi ikakwama, ikarudi nyuma. Yule mzee wa saksafoni akashtuka, akaitoa mdomoni. Na saksafoni ikaendelea kulia kwenye spika! Watu wakazomea. Mzee wa watu akainamisha kichwa, akabaki ameikumbatia ile saksafoni kifuani mpaka mwisho wa wimbo. Wallahi nilitamani kulia.

Binti aliyeimba simlaumu, sauti anayo na alijitahidi. Lakini aliimba nyimbo nne. Nne! Halafu promota akashika maiki, ati muda umekwisha, sasa ni zamu ya DJ. Muda gani? Albamu nzima ni dakika 35. DJ alicheza mpaka karibu na alfajiri.

Nilimfuata yule mzee nje, getini. Wengi mnamfahamu kwa sura, anapiga harusini. Nikamwambia, shikamoo mzee wangu, mbona vile? Akaniambia, "Mwanangu, tuliambiwa tushike tu." Hapakuwa na mazoezi hata siku moja, wala fundi wa mitambo wa kuwawekea maiki. Waliahidiwa shilingi 1,000 kila mmoja, na mpaka saa ile alikuwa hajalipwa. Mtu aliyepuliza saksafoni tangu sijazaliwa anaajiriwa kama ua la mezani.

Mji huu si wa kukosa wapiga vyombo. Bendi ya Them Mushrooms walitoka hoteli zetu hizi za pwani. Zein l'Abdin, mpiga udi wa taarabu, alikaa na chombo chake hapa hapa. Hebu jaribuni kwenye harusi, taarabu inalia kutoka kwenye flashi na mpiga fidla amekaa, fidla mapajani. Kina mama wangemtoa mwenye bendi mbio. Kwa nini tukubali huku kwa kuwa nyimbo ni za Kiingereza?

Na huyo Amy mnayemuuza jina hakufanya hivyo. Februari 2008 viza ya Marekani ilichelewa, hakufika kwenye Grammy, zile tuzo za muziki za Marekani. Aliimba kutoka London kwa setilaiti, bendi iko nyuma yake inapiga kweli, na usiku ule akazoa tuzo 5. Alifariki Julai 2011, ana miaka 27, hawezi kujitetea.

Jumatatu nilimpigia promota. Ananijibu, "Mamangu, si nilikuona unaimba? Basi ulistarehe." Ndiyo, niliimba! Ulipofika ule wimbo wa Love Is a Losing Game niliimba kwa sababu naupenda, hiyo si risiti ya kwamba umenipa nilicholipia. Nikamdai, akakata simu. Tangu hapo hashiki.

Nataka 4,000 zangu. Nataka wale saba walipwe kabla yangu. Kama ulikuwepo na bado una meseji ya M-Pesa, usiifute. Andika hapa ulikata tiketi ngapi, usiweke namba yako ya simu hadharani. Picha ya bango ninayo. Video ya saksafoni inayolia peke yake mdogo wangu ameirekodi, sekunde 40, na sura ya mzee nitaifunika kabla sijaiweka.