Gundi gani inashika PVC, kioo cha plastiki na ndoo? Ni taa za dagaa, Kigoma

Fundi Sola Ujiji

Wakuu, salaam. Natengeneza taa za sola za wavuvi wa dagaa hapa Ujiji. Mbalamwezi imeanza, vyombo viko ufukweni, na nina taa za tajiri mmoja wa Kibirizi ambazo lazima ziwe tayari giza likirudi.

Kila taa ina plastiki za aina tatu. Mwili wake ni kipande cha bomba la PVC la inchi 4. Mbele nafunga kioo cha plastiki nilichokata kwenye shiti. Betri inakaa kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, na ubavuni mwa ndoo natokeza kibomba cha PVC cha nusu inchi cha kupitishia waya. Maji hayatakiwi kupenya popote. Mawimbi ya ziwa letu mnayajua, na taa inagongwa usiku kucha kwenye boriti za kipe, chombo chetu cha kuvulia dagaa.

Gundi ya bomba inashika PVC kwa PVC bila shida. Kwenye ndoo inabanduka yote, hata ukiipaka nene. Dukani Mwanga nimeoneshwa supaglu, epoksi ya mirija miwili, silikoni na gundi ya viatu, na kila moja naambiwa inashika kila kitu. Ipi ni ya wapi? Kuna moja inayoweza zote tatu? Watu wanaingia na taa hizi ziwani usiku, sitaki mtu azimikiwe katikati ya maji.

Mtoto wa Kibirizi

Epoksi mkuu. Changanya sawa kwa sawa, paka kote, acha mpaka kesho. Mimi ndiyo natumia kwenye mtumbwi.

Mwalimu Kemia Tabora

Kwenye mbao za mtumbwi ni sahihi kabisa, ndugu yangu, na kwenye PVC iliyopigwa msasa pia inashika. Kwenye ndoo haitafika mbali. Fundi, kabla hujanunua gundi yoyote, geuza ndoo uangalie kitako. Kuna pembetatu ndogo yenye namba. 2 ni polithini ngumu, 5 ni polipropilini, 3 ni PVC. Nina hakika karibu yote kwamba utakuta 2 au 5, na hizo mbili ndizo zinazokataa gundi.

Kama namba imefutika, kata kijipande ukitumbukize kwenye maji. Polithini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji, zinaelea. PVC na kioo chako vinazama. Ukikiona kinaelea, weka mrija wa gundi chini.

Sababu ni hii. Gundi ili ishike lazima kwanza itandae na kulowanisha uso wa kitu. Dondosha tone la maji kwenye ndoo safi, utaona linajikunja kuwa duara na kuteleza. Gundi nayo inafanyiwa hivyohivyo: ikikauka imekaa juu tu, haijashikana na kitu, ndiyo maana inatoka nzima. Na ile gundi ya bomba kazi yake ni nyingine kabisa. Inayeyusha ngozi ya PVC pande zote mbili, zinachanganyikana, dawa inaruka hewani, na panabaki PVC tupu iliyoungana. Ndoo yako haiyeyuki kwa dawa ile, kwa hiyo hakuna cha kuungana.

Kwa hiyo gundi moja ya zote tatu, kwa zile ulizooneshwa, haipo. Zipo gundi za akriliki za mirija miwili zilizotengenezwa kwa ajili ya polithini na polipropilini, na zipo supaglu zinazouzwa pamoja na dawa ya kupaka kwanza. Zinafanya kazi kweli, ila bei yake ni kubwa, na kwa tundu la waya sioni haja.

Bomba Gungu

Mwalimu amemaliza. Hapo kwenye ndoo usigundishe kitu. Toboa tundu la duara, tia konekta ya tenki yenye nati, washa ya mpira ndani na nje, kaza. Ndivyo tunavyotoa maji kwenye matenki, na matenki nayo ni polithini. Washa ukizikosa, kata tyubu ya gari, ile nene. Ukitaka kuachana kabisa na kibomba, tia glandi ya waya, mafundi umeme wanazo, inabana waya wenyewe na maji hayapiti.

Tundu lisafishe kwa kisu. Likiwa na meno, mpira hautakaa sawa.

Nuru wa Katonga

Nimewahi kuona mtu anapitisha moto kwenye ndoo kabla ya kupaka gundi, na ikashika. Ni kweli au bahati?

Mwalimu Kemia Tabora

Ni kweli, dada. Ule moto wa bluu wa jiko la gesi, ukiupitisha haraka haraka juu ya polithini bila kuiyeyusha, unabadilisha uso wake kwa oksijeni, na gundi inapata pa kushika. Viwandani wanafanya hivyo kabla ya kuchapa maandishi kwenye chupa. Epoksi ipakwe muda uleule, maana uso haubaki hivyo siku nyingi. Ila ni kazi ya kuotea, sehemu moja inashika na ya jirani haishiki. Kwa kitu cha kuingia ziwani nachagua nati ya Bomba Gungu. Na PVC isiguswe na moto hata kidogo. Ikiungua inatoa gesi ya asidi inayochoma kifua.

Sasa kioo, ambako ndiko taa nyingi zinaharibika. Supaglu usiiweke hapo. Mvuke wake unaacha ukungu mweupe juu ya plastiki angavu, na gundi yenyewe ikikauka ni ngumu na haivumilii kugongwa. Gundi ya bomba nayo inakipasua kioo nyufa ndogo ndogo. Hata kusafisha, usitumie thina, petroli wala spiriti, tumia maji na sabuni.

Tumia silikoni, na chagua isiyonuka siki. Ile ya siki inatoa asidi wakati inakauka, na ukiifungia ndani ya taa italiwa shaba ya waya na viungo vya LED. Piga msasa ukingo wa PVC na ukingo wa kioo tu. Silikoni inabaki laini kama mpira, kwa hiyo jua likitanua kioo kuliko bomba, yenyewe inafuata.

Bomba Gungu

Naongeza skrubu tatu za chuma kisichoshika kutu, silikoni izuie maji na skrubu zibebe kishindo. Tundu kwenye kioo liwe pana kidogo kuliko skrubu. Ukilibana kamili, jua likiwaka kinapasukia hapo.

Nuru wa Katonga

Fundi, betri ni ya aina gani? Kama ni ya maji ya asidi, ndoo isiyopitisha hewa inanitia hofu.

Fundi Sola Ujiji

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Kijipande cha ndoo kimeelea, na kitako kina 5. Kioo kimezama. Dada Nuru, ni ya asidi, wanaichajia palepale ufukweni na mfuniko umefungwa.

Mwalimu Kemia Tabora

Basi hilo litangulie mbele ya gundi zote. Betri ya asidi ikichajiwa inatoa haidrojeni, na haidrojeni ndani ya ndoo iliyozibwa inalipuka kwa cheche moja ya waya. Mwambie tajiri wako mfuniko ufunguliwe kila wanapochaji, sehemu yenye upepo. Tena tia mpira mwembamba wa kutolea hewa juu ya ndoo, mdomo wake ukitazama chini ili mawimbi yasiingie.

Fundi Sola Ujiji

Nitamfuata leo jioni. Swali la mwisho: silikoni naipa siku moja?

Bomba Gungu

Siku moja inakauka milimita mbili, tatu hivi kutoka nje kwenda ndani. Ukipaka nene ipe siku tatu au zaidi, na kabla hujamkabidhi, izamishe kwenye beseni usiku mzima ukiwa umetia karatasi kavu ndani.