Albamu ya Coltrane "iliyopotea": waitupe wao, watuuzie wao, tena kwa vipande!

Wakuu heshima kwenu, naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie.

Nimenunua CD ya John Coltrane, yule mpiga saksafoni wa jazz wa Marekani, inaitwa Both Directions at Once, kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyeandika kwa herufi kubwa kabisa ALBAMU KAMILI. Mzigo umefika, naweka, zinapiga nyimbo 7 basi. Naingia kugugo nakuta kuna toleo lingine la CD mbili lina rekodi 14, namuuliza jamaa ananijibu eti hiyo ndiyo kamili kaka, ile nyingine ni ya makolekta. Makolekta kitu gani!!

Kwa wasioijua stori, hii kitu ilirekodiwa tarehe 6 Machi 1963 studio ya Rudy Van Gelder kule Englewood Cliffs, New Jersey. Coltrane na jeshi lake lote, McCoy Tyner kwenye piano, Jimmy Garrison besi, Elvin Jones dramu. Kesho yake tu wakarudi hapohapo wakarekodi na mwimbaji Johnny Hartman, na ile ikatoka mwaka huohuo. Hii ya siku moja nyuma ikakaa hadi Juni 2018, miaka 55, mwenyewe kafa tangu 1967 akiwa na miaka 40.

Sasa wanaiita albamu iliyopotea kama vile ilidondoka kwenye daladala. Inavyoelezwa ni kwamba miaka ya 70 mwanzoni kampuni ilikuwa inabana gharama za stoo na kanda kibao zikateketezwa, masta ya hii, yaani kanda yenyewe ya asili, ikaenda na maji. Kilichotuokoa ni kopi ya mono (sauti ya chaneli moja) ambayo Coltrane alipewa aende nayo nyumbani kusikiliza, ikabaki kwa familia ya Naima, mke wake wa kwanza. Yaani kabati la mama wa watu limetunza mali kuliko lebo yenye wahasibu na wanasheria, halafu lebo hiyohiyo ya Impulse! ndiyo inarudi kuvuna, na wakaingia namba 21 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, Coltrane alipokuwa hai hakuwahi kufika huko!

Na hilo neno albamu lenyewe nani kasema? Coltrane hakupanga nyimbo, hakuchagua ipi itoke ipi ibaki, nyingine hata jina hakuzipa ndiyo maana unakuta "Untitled Original 11383", hiyo ni namba ya makaratasi ya studio. Mpangilio wamefanya mwanae Ravi na produsa wa lebo. Sawa, Ravi ana haki na sikio analo, sina ugomvi naye, ila waandike kwenye kava kwamba hii ni kazi ya siku moja studio.

Muziki wenyewe siupingi, tusije tukaelewana vibaya. Hiyo 11383 Coltrane anapiga saksafoni ya soprano halafu Garrison anashika upinde anaikwangua besi hadi nywele zinasimama. Slow Blues dakika 11 na ushee, sikiliza usiku.

Kinachoniuma ni hiki: CD ya pili haina wimbo mpya hata mmoja, ni marudio, lakini hayo marudio ndiyo utamu wenyewe. Impressions wameipiga mara nne siku ile, mimi nimepewa moja, ile ambayo piano imenyamaza kabisa, nyingine tatu wameziweka kwenye toleo la bei. Sasa mtu anayetaka kusikia Coltrane anavyoubadilisha wimbo uleule mchana mmoja aende wapi? One Up, One Down hivyohivyo, ya kwanza ninayo, ya sita sina.

Na msije kuniambia "si usikilize YouTube mkuu". Nimelipa hela yangu.

Kama kuna mtu Dar ana ile ya CD mbili na anauza aje PM, ila awe na bei ya kibinadamu na anitumie picha ya nyuma ya kava kwanza, nihesabu mwenyewe.