Naomba ushauri: Marciano na Ali, nipime kwa mizani gani?

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Mjomba amenibana kijiweni. Anadai bondia bora wa uzito wa juu ni Rocky Marciano: mapambano 49, kashinda yote, akastaafu 1956. Mimi ni wa Muhammad Ali, ingawa alipoteza 5 kati ya 61. Nikamwambia Marciano alimkuta bingwa wa zamani Joe Louis ana miaka 37, keshachoka. Ali alimwangusha bingwa George Foreman kule Kinshasa 1974, kijana wa miaka 25 asiyewahi kushindwa. Mjomba akacheka tu, eti rekodi ni rekodi. Video za zamani nazo zimenivuruga zaidi, Marciano mwenyewe hata kilo 90 hafiki!

Mnaanza na rekodi au ubora wa wapinzani? Na ile miaka mitatu na nusu Ali aliyofungiwa kupigana ulingoni kwa kukataa kwenda jeshini tunaihesabuje?