Niliuziwa cheti cha jina la biashara nikaambiwa ni hatimiliki. Sasa aliyeiba lebo yangu ndiye ameomba alama ya biashara

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha, ila nitajitahidi kueleza kwa utaratibu ili anayesoma aelewe jinsi nilivyoibiwa mara mbili: mara moja na mshindani wangu, na kabla yake na mtu niliyemlipa anilinde.

Ninatengeneza jamu ya zabibu hapa Dodoma tangu mwaka 2019. Zabibu nazinunua kwa wakulima wa Hombolo, na jiko langu liko Nkuhungu. Jina la bidhaa ni la bibi yangu mzaa mama, Mgogo wa Mvumi, na mchoro wa lebo ni mbuyu ulioinamia kushoto ambao nilichorewa na kijana wa mtaani kwetu.

Mwezi Septemba mwaka jana mwenye duka mmoja wa Area C alinipigia simu: "Dada, mzigo wa safari hii umechacha, wateja wananirudishia chupa." Sikuwa nimempelekea mzigo wowote tangu Julai. Nilipofika akanitolea chupa tatu, na kwa kweli hata mimi kwa sekunde chache nilidhani ni zangu. Jina lilitofautiana na langu kwa herufi moja ya mwisho, na mbuyu ulikuwa uleule, umegeuzwa tu uinamie kulia. Kilichonikata maini ni orodha ya viambato: "zabibu, sukali, ndimu." Mwaka 2019 mchapaji wangu alikosea akaandika "sukali", na kwa kuwa lebo elfu mbili zilikuwa zimekwisha kuchapwa nilizipokea hivyohivyo, na kosa hilo halikuwahi kurekebishwa hadi leo. Mtu aliyekaa chini kuniiga kwa macho angeandika "sukari" bila hata kufikiri. Lebo ile ilitoka kwenye faili langu, ndani ya kompyuta ya mchapaji ambaye nimemlipa kwa zaidi ya miaka minne. Nilipomuuliza alinijibu kwamba mteja akileta kazi, yeye huchapa.

Nikajipa moyo kwamba karatasi ninazo. Mwaka 2021 bwana mmoja mwenye ofisi ya chumba kimoja karibu na soko la Majengo, aliyejitambulisha kuwa ni wakili, alinitoza shilingi 450,000 "kusajili umiliki wa jina" BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Baada ya wiki mbili alinikabidhi cheti, nikakiwekea fremu na kukitundika jikoni, ambako kimekula mvuke wa zabibu miaka yote hiyo nikiamini kinanilinda.

Kile ni cheti cha usajili wa jina la biashara. Wakili wa kweli, niliyempata baadaye kwa kuuliza watu, alinieleza kwa dakika kumi jambo ambalo yule bwana hakuwahi kunigusia. Jina la biashara husajiliwa ili ijulikane ni nani anafanya biashara kwa jina fulani. Halimpi mwenye nalo haki ya kumzuia mtu mwingine asibandike jina linalofanana kwenye bidhaa. Haki hiyo hutokana na kusajili alama ya biashara chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, ambayo nayo husimamiwa na BRELA, lakini kwa maombi mengine kabisa, yakitaja daraja, yaani kundi, la bidhaa (jamu iko daraja la 29), na usajili wake hudumu miaka 7 kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Ofisi ni moja na karatasi ni mbili, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kukuuzia ile nyepesi kwa bei ya ile nzito. Nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) nayo, ambayo nilikuwa nikiwaonyesha watu kwa majivuno, inahusu ubora wa kilichomo ndani ya chupa, wala haisemi jina ni la nani.

Halafu likaja lile ambalo limenifanya nianzishe uzi huu. Wakili alipofanya upekuzi alikuta kwamba mshindani wangu amekwisha kuomba jina lile, pamoja na mbuyu, kuwa alama yake ya biashara, na ombi lilikuwa limetangazwa katika jarida la alama za biashara. Tangu siku ya tangazo sheria inatoa siku 60 za kuweka pingamizi. Zilikuwa zimebaki 19. Kama chupa zile za duka la Area C zisingechacha, nisingejua lolote, na leo huenda mimi ndiye ningekuwa naandikiwa barua ya kuambiwa niache kutumia jina la bibi yangu.

Tuliweka pingamizi siku ya 54. Hoja yetu ni kwamba nilitumia jina na mchoro kabla yake na kwamba alama yake itawahadaa wanunuzi, na ushahidi ni ankara za tangu 2019, picha za banda letu la Nanenane pale Nzuguni, na zile lebo mbili zenye "sukali" zikiwa zimewekwa sambamba. Mchoro unalindwa pia na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na ulinzi huo huanza kazi inapoundwa bila kusubiri usajili. Lakini wakili aliponiuliza makubaliano ya maandishi kati yangu na yule kijana aliyechora, nilinyamaza. Nilimlipa mkononi, na soda juu. Hilo ni kosa langu mwenyewe na ninalikubali, na kijana, Mungu ambariki, amekubali kuja kusaini.

Shauri halijaamuliwa, kwa hiyo sitamtaja mshindani wala mchapaji. Yule wakili wa kishoka, yaani wakili bandia wa Majengo, nina maneno naye zaidi. Wakili alitafuta jina lake katika mfumo wa Mahakama wa kuhakiki mawakili na hakumwona. Kazi hiyo ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai, na ningeweza kuifanya mwenyewe mwaka 2021 kama ningejua ipo. Ofisi yake sasa ni ya kuuza vifuniko vya simu. Naomba yeyote aliyehudumiwa na mtu wa aina hiyo maeneo ya Majengo, Makole au Chang'ombe kati ya 2020 na 2022 anitumie ujumbe wa faragha, na kama ana risiti asiitupe. Yangu imeandikwa kwa kalamu ya buluu, haina namba ya mlipakodi, na kwenye mstari wa maelezo ameandika kwa mkono wake mwenyewe: "Hatimiliki ya jina, ya kudumu, imelipwa yote."