Rays wanashinda, viti vitupu. Mashabiki wako wapi?

Mkesha_Mechi: Wakuu, nisaidieni. Jana nimerudia kutazama Rays na Rangers, timu za besiboli za Marekani, ile ya mtoano ya Oktoba 2023. Rays wameshinda mechi 99 msimu mzima, halafu uwanjani kwao Tropicana Field wanaingia watu 19,704! Ukitoa mwaka 2020 wa korona, mechi ya mtoano haikuwahi kukosa watu hivyo tangu 1919. Mpira ukigongwa, mwangwi unausikia hadi kwenye televisheni. Nimeona aibu utadhani sherehe ni yangu. Shida nini?

Kona_ya_Tatu: Daraja, mkuu. Uwanja uko St. Petersburg ya Florida, wengi wanakaa Tampa, ng'ambo ya ghuba. Na mechi ilianza saa tisa alasiri, Jumanne! Nani atoroke kazini akakae foleni?

BiMkubwa_81: Ongeza uchovu. Mechi 81 za nyumbani kwa msimu si mchezo, mfuko unakuwa umeshatoboka.

Mkesha_Mechi: Uchovu sikubali, wengine mbona wanajaza? Na 2008 walipofika fainali, daraja si lilikuwepo?

Kona_ya_Tatu: Lilikuwepo. Ila fainali ilipigwa usiku, bwana.