Naomba ushauri: kuonana kwenye ramani pasipo mtandao wa simu

Assalamu alaykum jamaa. Niko Konde, Pemba. Tuko vijana tunaojitolea kutafuta mtu akipotea upande wa msitu wa Ngezi, na nimevutiwa na mifumo ya majeshi ya nchi kavu. Marekani ilipoingia Iraq mwaka 2003, baadhi ya magari yake yalionekana kwenye skrini kama alama za buluu, kupitia setilaiti. Siku hizi kuna ATAK, programu ya simu za Android inayoonyesha wenzako walipo kwenye ramani, iliyoanzia maabara ya jeshi lao la anga. Toleo la raia ni bure.

Ramani nitazipakua mapema, sawa. Lakini ndani ya miti simu hazishiki, sasa nukta ya mwenzangu itanifikiaje? Nasikia redio ndogo za LoRa hupokezana ujumbe mfupi bila mnara. Picha sizitaki (hata hazipitishi), mahali alipo mtu na maneno mawili matatu yatosha. Aliyezijaribu kwenye miti minene, zinafika umbali gani? Kibali cha TCRA (mamlaka ya mawasiliano) nacho naanzia wapi?

Na sheha na polisi, tuwaarifu kabla? Simu iliyojaa alama za kijeshi yaweza kutuletea maneno.