Ukidaiwa ada chuo kinakuona siku hiyo hiyo, dogo kafeli semista nzima hakuna aliyemuona!!

Wakuu habari zenu. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa mikopo, hili ni jambo lingine na toka jana usiku sijalala kwa hasira.

Nipo mwaka wa tatu chuo kimoja hapa Dar, jina naliacha. Geto tunaishi wawili Gongo la Mboto, mimi na dogo wa mwaka wa kwanza katokea Sumbawanga vijijini, PCM (fizikia, kemia na hesabu), divisheni wani, kichwa kweli kweli, mimi niliyemtangulia alikua ananielekeza hesabu. Jana kala disko, yaani kaondolewa chuo.

Ilivyokua, bumu lake la kwanza, ile hela ya mkopo, halikuingia kisa jina la cheti cha kuzaliwa na la kidato cha nne yamepishana herufi moja. HERUFI MOJA. Wenzake wanapata ile 10,000 ya kujikimu kwa siku, yeye anashindia mihogo na maji, akaona aibu kuniambia, akaanza kwenda saiti kubeba zege. Na zege halijui siku ya test wakuu, fundi akikuita Jumatano unaenda Jumatano, kwaiyo test zikampita, semina ndo usiseme kabisa. Jina lilikuja kurekebishwa wiki ya 10, hela ikaingia, masomo yalishaenda. Masomo matano kosweki (maksi za test na kazi za semista) haikufika 16 kwa 40, na kwetu chini ya hapo UE, mtihani wa mwisho wa semista, hufanyi.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Zile maksi zilikuwepo kwenye mfumo wa chuo wiki nyingi tu. Mshauri wake wa taaluma anaziona, idara inaziona, hakuna aliyenyanyua simu. Ila ukidaiwa ada, hata laki moja, mfumo unakufungia kibali cha mtihani hapo hapo na meseji unatumiwa asubuhi na jioni. Kwaiyo namba zetu wanazo na kututafuta wanaweza! Wangemtumia meseji moja tu ya njoo ofisini tuongee, angesema, angeelekezwa aahirishe masomo. Kuahirisha ipo kwenye kanuni, lakini mtoto wa mwaka wa kwanza ataijulia wapi, kitabu cha kanuni tunapewa wiki ya orientesheni, kurasa kibao za Kiingereza, muda huo mtu yupo kwenye foleni ya usajili na hajui usiku atalala wapi.

Ushauri nasaha nao. Mlangoni kuna karatasi, Jumanne na Alhamisi saa 4 mpaka saa 6. Mhusika mmoja chuo kizima na huyo huyo ni lekchara ana vipindi vyake. Dogo alipoacha kulala, anakaa kitandani anaangalia ukuta mpaka adhana ya alfajiri, nilimpeleka mwenyewe. Mara mbili tumekuta kufuli, ya tatu tukamkuta koridoni anakimbilia darasani, akasimama na sisi kama dakika kumi hivi, mama wa watu ana roho nzuri na yeye simlaumu hata kidogo, nawalaumu waliomwachia maelfu ya wanafunzi peke yake. Zahanati ndo walimpa panado. Bima tunalipa 50,400 kila mwaka, mtu anasema halali wiki ya pili anapewa panado!

Dogo ameshakata tiketi ya Jumamosi, anapandia Stendi ya Magufuli saa 12 asubuhi. Nyumbani hajasema, baba yake kanipigia mara mbili leo sijapokea, sijui nimwambie nini.

Rufaa mwisho Ijumaa saa 9. Kama kuna mtu hapa alishakata rufaa ya disko kwa sababu kama hii na ikapita, naomba aniambie aliambatanisha nini. Fundi wa saiti amekubali kuandika kwamba dogo alikua kazini tarehe za zile test, je hiyo barua ipigwe muhuri serikali ya mtaa au lazima kwa wakili? PM ipo wazi, nipo macho.